Umeme Ukirudi, Kadi Inakumbuka Nini?

Laini ya TANESCO inayotoka Bunda, ikapita Nata na kufika Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ina historia ambayo wengi wanaopita chini yake hawaijui. Pamoja na umeme, njia hiyo ilipewa faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Katikati ya miaka ya 2000, wakati miji mingi ya mikoani bado inahangaika na simu za mezani zisizoita, wahandisi walikuwa wamekwisha kuutazama uzi huo wakajiuliza: kwa nini usibebe intaneti?

Waliojiuliza hivyo walitoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, kwa ufadhili wa Sida, shirika la maendeleo la Sweden. Programu yao iliitwa ICT4RD, yaani TEHAMA kwa maendeleo ya vijijini, na miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa kwa majaribio zilikuwa Bunda na Serengeti. Mwaka 2008 Amos Nungu wa DIT, profesa Björn Pehrson wa KTH na wenzao walichapisha makala ya kitaalamu yenye jina fupi tu: Serengeti Broadband. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Tanzania haikuwa na kebo hata moja ya intaneti chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Aliyetaka kuzungumza na dunia alirusha mawimbi kwenye setilaiti, akalipa bei ya kuumiza. Katika mazingira hayo, shule, hospitali na ofisi za halmashauri za pembezoni mwa hifadhi zilianza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa mwanga.

Hadithi hii ikisimuliwa, husimuliwa kwa vitu vikubwa: faiba, wafadhili, mawaziri, utepe wa kukata. Mazungumzo ya leo yanashuka hadi kwenye kipande cha saketi kinachoenea kiganjani, yaani kadi ya mtandao, na programu ndogo inayoiendesha, ambayo mafundi wetu huiita draiva. Hapo ndipo mtandao wa Mugumu, au wa Tarime, mji mwingine wa Mkoa wa Mara, unapokufa au kupona siku za kawaida, baada ya wageni kuondoka. Dawa yake mara nyingi haiuzwi dukani. Huandikwa kwa kibodi, kwenye skrini nyeusi, mstari mmoja.

Kwa nini skrini nyeusi, na si picha za kubofya? Sababu ya kwanza ni umbali. Setilaiti ya mawasiliano ya zamani hizo hukaa angani kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Herufi inayochapwa Dar es Salaam huipanda njia hiyo na kuishuka, na jibu lake hufanya safari ileile, kwa hiyo nusu sekunde na zaidi hupita kabla ya herufi hiyo kuonekana kwenye skrini ya mwandishi. Kuvuta picha nzima ya dirisha la Windows katika njia ya namna hiyo ni mateso. Amri yenye herufi kumi na mbili hupita bila shida. Sababu ya pili ni kwamba ruta nyingi hazina skrini kabisa; ni sanduku lililofungwa ukutani karibu na betri, na mlango wake wa kuingilia ni huo wa maandishi.

Twende kwenye tatizo lenyewe, na tulitazame kwa karibu. Ofisi ya halmashauri inapiga simu: “Mkuu, mtandao upo lakini haupo.” Afisa TEHAMA anakaa kwenye kompyuta, anapiga ping kwenye seva, majibu yanarudi bila kukosa. Barua pepe fupi inakwenda. Lakini mhasibu akijaribu kufungua MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, ili afanye malipo, au hospitali ikitaka kuvuta ripoti nzito ya GoTHOMIS, mfumo wa taarifa za hospitali, ukurasa unazunguka mpaka mtu anakwenda kunywa chai na kurudi. Wa kwanza kulaumiwa ni mtoa huduma. Wa pili ni virusi. Wa tatu ni kebo, na kebo hubadilishwa, na hali hubaki ileile.

Kwenye Linux ipo amri inayomaliza ubishi huo. Huitwa ethtool. Mwenye kalamu aandike: e, t, h, t, o, o, l, bila nafasi katikati. Iliandikwa na David S. Miller, mmoja wa wajenzi wakuu wa sehemu ya mtandao ya Linux, na Jeff Garzik akaiendeleza. Afisa wetu akiandika ethtool, akaacha nafasi, kisha jina la kadi, tuseme eth0, kadi inajieleza yenyewe. (Kompyuta za siku hizi huziita kadi majina marefu kama enp3s0, amri ya ip link itakuonyesha jina la kwako.) Miongoni mwa mistari inayotoka, mmoja unasema Speed: 100Mb/s. Vizuri. Unaofuata unasema Duplex: Half. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Kadi mbili zinapounganishwa kwa kebo huanza kwa kukubaliana: tutakwenda kasi gani, na je, kila upande unaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja? Kuweza yote mawili kwa pamoja ni dupleksi kamili; kupokezana ni nusu. Sasa fundi fulani wa zamani, kwa nia njema, aliifunga swichi kwa mkono kwenye 100 na dupleksi kamili, akazima makubaliano. Kompyuta ya upande wa pili bado inauliza na haijibiwi. Kanuni zilizowekwa mwaka 1995 pamoja na mtandao wa megabiti 100 zinairuhusu kuitambua kasi kwa kusikiliza tu, lakini dupleksi haitambuliki kwa kusikiliza, kwa hiyo kompyuta huchagua nusu kwa usalama. Matokeo yake, upande mmoja husema wakati wowote unaotaka na mwingine unadhani wanapokezana. Pakiti ndogo, moja moja, hupenya. Faili kubwa likija, pande zote mbili husema kwa pamoja, pakiti zinaharibika, zinatumwa upya, zinaharibika tena.

Ushahidi unapatikana kwa ethtool -S, herufi S ikiwa kubwa, ambayo hutoa hesabu za ndani za kadi. Upande wa nusu utaonyesha migongano iliyochelewa inapanda kila dakika. Upande wa kamili utaonyesha makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zimeharibika. Tiba iliyo bora ni kuirudisha swichi kwenye makubaliano. Kama swichi si yako, na mwenye nayo hapokei simu, unaifunga kadi yako ifanane nayo: ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off. Hapa herufi s ni ndogo. Ndogo hubadilisha, kubwa huhesabu, na kuzichanganya kumewapotezea watu jioni nzima. Tahadhari moja tu: kwenye gigabiti moja kwa kebo ya shaba, makubaliano ni sehemu ya kanuni na hayazimwi. Anayejaribu kuyazima huko anajitafutia kazi.

Maduka ya vifaa vya kompyuta, Tarime au Mwanza, yatakuuzia kadi mpya kwa furaha ukienda na tatizo hilo. Utaifunga, nayo itauliza swichi ileile isiyojibu, na itachagua nusu vilevile.

Katika orodha ya watafiti walioandika pamoja na Nungu na Pehrson mnamo mwaka 2011, kuhusu namna ya kuzipatia nishati ruta za maeneo yasiyo na umeme wa uhakika, limo jina la Robert Olsson wa Uppsala. Wanaofuatilia ndani ya Linux watashtuka kidogo kulikuta jina hilo kando ya Serengeti, kwa sababu Olsson ni mmoja wa watu watatu waliobadilisha jinsi draiva za kadi za mtandao zinavyofanya kazi duniani kote.

Tatizo walilolishughulikia linaeleweka kwa mtu yeyote aliyeishi nyumba yenye wageni wengi. Kila pakiti iliyofika, kadi ilipiga hodi kwenye prosesa, na prosesa iliacha kazi yake ikaenda kufungua mlango. Hodi kumi, sawa. Hodi laki moja kwa sekunde, mwenye nyumba hafanyi lolote zaidi ya kukimbilia mlangoni, na pakiti alizozipokea hazipati wa kuzihudumia. Ruta inawaka, taa zinapepesa, hakuna kinachopita. Mwaka 2001, kwenye mkutano wa Linux uliofanyika Oakland, California, Jamal Hadi Salim, Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza utaratibu uliokuja kuitwa NAPI. Hodi ya kwanza ikisikika, draiva huzima kengele, kisha prosesa yenyewe hupita na kuchukua pakiti kwa mafungu mpaka ziishe. Zikiisha kengele huwashwa tena. Utaratibu huo umo ndani ya kila simu ya Android iliyoko mifukoni mwa wasikilizaji wetu, maana Android imejengwa juu ya Linux.

Faida yake kwa Mugumu ilikuwa nini? Kwamba ruta haikulazimika kuwa sanduku la maelfu ya dola kutoka kampuni kubwa. Timu ya Serengeti ilijenga ruta zake kwa programu huria na vipuri vya kawaida vinavyokula umeme kidogo, kwa sababu kila wati iliyookolewa iliongeza muda wa betri. Prosesa ndogo ikipigiwa hodi kwa akili, inatosha. Nungu aliiandikia shahada yake ya uzamivu KTH kazi hiyo, akaikamilisha mwaka 2011, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH.

Draiva zenyewe zina vishikio vya kurekebisha, na hapa mambo yananoga. Kadi huweka pakiti zinazofika kwenye foleni ya duara, yenye nafasi za idadi maalumu, zikisubiri prosesa izichukue. Kwenye kadi nyingi za Intel za gigabiti moja, foleni huanza na nafasi 256 na inaweza kufikishwa 4,096. Je, 256 ni nyingi? Pigeni hesabu. Pakiti za kawaida za baiti 1,500 zikija kwa kasi yote ya gigabiti, hufika zaidi ya 81,000 kwa sekunde, na foleni hujaa kwa takriban milisekunde tatu. Zikiwa pakiti ndogo kabisa, hufika karibu milioni moja na nusu kwa sekunde, na nafasi zote 256 hujaa kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Prosesa dhaifu ikichelewa kidogo tu, pakiti zinamwagwa. Kadi huziandika zilizomwagika, na kwenye draiva kadhaa za Intel hesabu hiyo hutokea chini ya jina rx_missed_errors. Ikipanda, andika ethtool -g eth0 uone foleni ilivyo, kisha -G, kubwa, pamoja na rx 1024 kuipanua.

Wengi wakiona 4,096 inawezekana hukimbilia kuiweka palepale. Si lazima, na prosesa ikilemewa ni hasara. Foleni ndefu hupokea kila kitu na kukiweka. Anayepiga simu ya video anasubiri nyuma ya faili la mtu mwingine. Panueni kidogo, tazameni hesabu, panueni tena kama bado inapanda.

Kishikio kingine ni idadi ya hodi zenyewe. Draiva ya e1000e ya Intel ina kigezo kiitwacho InterruptThrottleRate, ambacho huweka kikomo cha kengele kwa sekunde. Kawaida yake ni 3, thamani ya pekee inayomaanisha draiva ijiamulie kwa tahadhari kulingana na mzigo. Ukiweka 3000, umeiambia isizidi kengele 3,000. Prosesa inapumua, umeme unaokolewa kidogo, na pakiti zinachelewa kwa sehemu ya milisekunde ambayo mtumaji wa barua pepe hataihisi kamwe. Kabla ya kugusa chochote, modinfo -p ikifuatwa na jina la draiva itaorodhesha vigezo vyote ambavyo draiva hiyo inavikubali. Draiva nyingine hazina hata kimoja, na ethtool -i ndiyo itakayokuambia kadi yako inaendeshwa na ipi.

Halafu ipo amri ambayo watu wa faiba huipenda kuliko zote, nayo ni ethtool -m. Kadi ya faiba huwa na kipande cha kuchomeka kinachotoa mwanga na kuupokea, na kipande hicho kikiwa cha aina inayojipima, amri hii husoma joto lake, nguvu ya mwanga kinaoutuma na nguvu ya mwanga unaofika kutoka upande wa pili. Kwa mwanga wa nanomita 1,310, faiba ya kawaida hupoteza takriban desibeli 0.35 kila kilomita. Kwa 1,550, kama 0.2. Mwanga ukishuka ghafla kwa desibeli kadhaa kati ya jana na leo, faiba imekunjwa, imevutwa, au kiungio kimeingia vumbi. Afisa aliyeko Mugumu anajua hayo bila kupanda nguzo hata moja. Akirekodi namba hiyo kila wiki, ataiona faiba inavyochoka kabla haijakatika.

Tarime ina mambo yake. Ni nyanda za juu, na mtu akisimama kwenye vilima vyake huona mbali. Mkongo wa Taifa, unaoendeshwa na TTCL, unafika huko na kuvuka kwenda Kenya kupitia Sirari, lakini kutoka mkongo ulipo hadi shule ya sekondari iliyo bondeni kuna kilomita ambazo hakuna atakayezichimbia mtaro. Kwa hiyo hutumika redio: antena mbili zinazotazamana na kadi za Wi-Fi zilezile za nyumbani. Nazo zina mtego wake, na mtego upo kwenye draiva.

Wi-Fi ilitungwa kwa ajili ya sebule. Kadi ikituma pakiti husubiri kidogo kupata jibu la “nimepokea”. Jibu lisipokuja kwa wakati hudhani pakiti imepotea na kuituma upya. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa kila mikrosekunde moja. Sebuleni hilo halina uzito. Lakini weka antena kwenye kilima kimoja na nyingine kwenye kilima kilicho umbali wa kilomita 15, na pakiti itatumia mikrosekunde 50 kwenda, na jibu lake 50 nyingine kurudi. Kadi ambayo subira yake imepangwa kwa sebule imekwishakata tamaa. Inatuma tena. Jibu la kwanza linafika wakati kadi imo katikati ya kutuma mara ya pili. Mawimbi yana nguvu, antena zimelengwa sawasawa, na kasi ni ya kusikitisha.

Kwenye Linux, kwa draiva zinazokubali kama ath9k ya kadi za Atheros, tiba ni iw phy phy0 set distance 15000. Umbali unatajwa kwa mita, na pande zote mbili lazima ziambiwe. Draiva hubadilisha mita hizo kuwa subira, kwa hatua za mikrosekunde tatu, kila hatua ikifidia mita 450. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli wa Venezuela na wenzake walitumia ruta ndogo za nyumbani za Linksys, wakazibadilishia programu na kuzirefushia subira, wakaunganisha milima ya El Águila na El Baúl kwa umbali wa kilomita 279. Kutoka kilima cha Tarime hadi shule ya bondeni ni mchezo wa watoto, mradi mtu aiambie draiva ukweli kuhusu umbali.

Sasa tufike kwenye kero inayozidi zote. Amri hizi tulizozitaja, za ethtool na iw, huishi kwenye kumbukumbu ya muda tu. Kompyuta ikizimwa, zimefutika. Dar es Salaam, kwenye jengo lenye jenereta mbili, seva inaweza kukaa mwaka mzima bila kuzimwa, na fundi akasahau kabisa kwamba mipangilio yake haikuandikwa popote. Mkoa wa Mara hautoi nafasi ya kusahau. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Radi hupiga mchana, laini inazimwa, UPS yenye betri iliyokwisha inapiga mlio mara tatu na kunyamaza. Umeme unarudi saa mbili usiku. Asubuhi ofisi inafunguliwa: Duplex: Half. Mkuu anapigiwa simu tena, na watu wanasema radi imeunguza mtandao.

Wakati mwingine kweli imeunguza. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine hualika umeme wa radi hadi ndani ya kadi, na hapo hakuna amri itakayoifufua. Kati ya majengo afadhali faiba, ambayo haipitishi umeme. Lakini kadi inayowaka, inayojibu ping, na ambayo ilikuwa nzima jana, ichunguzwe kwanza kwa ethtool kabla haijatupwa.

Kinachotakiwa ni kuandika amri mahali ambapo mfumo utaisoma kila unapowaka. Kwenye Linux ya Debian inayopangwa kwa njia ya zamani, ni faili la /etc/network/interfaces, na mstari unaoanza na post-up kisha amri yenyewe ya ethtool. Vigezo vya draiva kama ile InterruptThrottleRate huandikwa kwenye faili lililomo ndani ya /etc/modprobe.d, kwa mstari wa namna hii: options e1000e InterruptThrottleRate=3000. Hapo pana kikwazo kinachowatesa hata wazoefu. Draiva ikipakiwa mapema sana wakati mashine inawaka, hulisoma toleo la faili lililohifadhiwa kwenye furushi la kuwashia, na mabadiliko yako hayamo humo. Kwenye Debian na Ubuntu, update-initramfs -u hulijenga furushi upya. Bila hiyo utaandika sahihi, utawasha upya, utakuta thamani ya zamani, na utadhani umekosea tahajia.

Lakini usahaulifu huo huo wa kadi ni rafiki mkubwa wa anayefanya kazi kutoka mbali. Mtu aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Mugumu, akibadilisha kadi ileile anayopitia kuingia, na akakosea, amejifungia nje. Skrini inaganda. Hakuna amri ya kurudisha, kwa kuwa njia ya kuipeleka ndiyo iliyokatika. Wenye busara hutanguliza shutdown -r +10, yaani mashine ijizime na kuwaka upya baada ya dakika kumi. Kisha hubadilisha kadi. Mambo yakiwa sawa, huandika shutdown -c kufuta ule mpango, na baada ya hapo ndipo huweka mabadiliko kwenye faili. Mambo yakiharibika husubiri dakika kumi. Mashine inawaka upya, imesahau kosa, na mlango uko wazi. Anayeandika kwenye faili kabla ya kujaribu amejinyima msamaha huo. Atampigia simu mlinzi wa ofisi, shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, na kumwomba aende kwenye mashine yenye taa ya kijani, na mzee atauliza ipi kati ya hizo zote. Hata kwa hilo ethtool ina herufi yake: -p huifanya taa ya mlango mmoja wa kadi ipepese ili atambue ni upi. Ila kwanza uwe umeingia.

Ofisi nyingi za Tarime na Mugumu hutumia Windows, na wenye Windows wasizime redio. Tangu Windows 8 na Windows Server 2012, PowerShell ina Get-NetAdapterAdvancedProperty, inayoonyesha vigezo vya draiva, na Set-NetAdapterAdvancedProperty ya kuvibadilisha. Tofauti yake na Linux ni kubwa: Windows huandika kwenye Registry papo hapo, na umeme ukikatika mara mia, kigezo kipo palepale. Anayejaribu kwa mbali kwenye Windows hana zile dakika kumi za msamaha, kwa hiyo achapishe orodha nzima kwenye faili la maandishi kabla ya kugusa kitu. Ipo pia Reset-NetAdapterAdvancedProperty, ya kurudisha kigezo kwenye thamani ya kiwandani. Haitamrudisha kwenye ile aliyoiacha afisa wa kabla yake, na hiyo ndiyo aghalabu anayoitaka.

Maana maafisa huhama. Barua ya uhamisho inatoka, afisa TEHAMA wa Serengeti anakwenda Kigoma, anakuja mwingine kutoka Njombe. Mgeni anafungua faili la ruta anakuta mistari minne ya post-up isiyo na maelezo. Akiifuta, huenda hospitali ikakosa GoTHOMIS. Akiiacha, huenda analinda kosa la mwaka juzi lililokwisha kurekebishwa upande wa pili. Alama ya reli, #, huuambia mfumo usisome mstari huo, na binadamu ndiye anayeusoma. Juu ya ule mstari wa dupleksi, aliyehama angeweza kuacha maneno kama haya: # Swichi ya mtoa huduma imefungwa 100/kamili, haikubali makubaliano. Kabla ya mstari huu makosa ya CRC yalikuwa yanapanda upande wao, migongano kwetu. Wakibadilisha swichi, futa mstari ulio chini, kisha angalia ethtool -S siku tatu.